Mama Yako Anakula Nini?

Leo kliniki nimepanda mizani, nikashuka sina nguvu ya kuvaa viatu.

Nimeongezeka kilo nne. Mimi! Mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, moyo unaenda mbio hata nikiwa nimekaa. Wenzangu wote wenye ugonjwa huu wamekonda. Kuna mwingine humu kundini yamemkuta haya?

Muuguzi, binti wa rika la mwanangu, akatabasamu. "Mama, kwani unakula nini?"

Jamani, swali hilo.

Enzi za ujamaa, kijijini kwetu Serengeti, mwaka wa njaa tulipanga foleni ghalani kupimiwa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Kijiji kizima kilikonda. Mama yangu, na uvimbe wake shingoni, akanenepa.

Ikagundulika unga umepungua ghalani bila kugawiwa. Mkutano ukaitishwa, mama akapandishwa kwenye mizani ya pamba mbele ya watu wote.

Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia. "Robi, mama yako anakula nini huko nyumbani?"

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikula sahani moja, na tonge la mwisho alinisogezea mimi. Lakini macho ya watu yalinitisha.

Nikasema, "Sijui."

Hadi anakufa, majirani walimwita mwizi. Hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Leo muuguzi alikuwa bado anasubiri, kalamu mkononi.

"Sijui," nikamwambia.

Safari hii nilikuwa nasema kweli: sikujua kinachoninenepesha.