Mabwawa Matatu Katika Barua za Mwandishi

Kwa miaka miwili nilimhudumia profesa mstaafu katika nyumba ya matofali mtaa wa Shaw, huko Marekani. Mkataba ulitaja dawa, chakula, kuoga na safari za kliniki. Haukutaja kwamba humo ndani aliishi pia mwanamke wa tatu, mwandishi wa riwaya wa Uingereza ya karne ya kumi na tisa, ambaye profesa alikuwa akiandika maisha yake.

Profesa nilimwita Mwalimu. Alikuwa Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni akiwa msichana, na alidai shikamoo kila asubuhi.

"Mwalimu, sisi wa bara hatuna hiyo," nilimwambia siku ya kwanza.

"Mimi wa Georgia ninayo, wewe wa Kenya huna? Rudi mlangoni, dada, uingie upya."

Nikarudi, nikaingia upya.

Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo baada ya chai nilimsomea barua na kuchapa alichosema. Hivyo ndivyo nilivyomfahamu mwandishi wetu. Alifiwa na mume akiwa na watoto wanne. Aliandika kwenye meza ya jikoni kabla watoto hawajaamka, na hadithi zake zilitoka kila mwezi katika jarida, kipande kwa kipande, mwanzo ukisomwa na watu kabla yeye mwenyewe hajajua mwisho. Asubuhi moja alimuua mhusika. Mchana akamfufua, kwa kuwa mhariri alitaka kurasa sita zaidi. Alitumia jina la kiume, na kwa miaka miwili mhariri huyo alimwandikia "Bwana mpendwa" bila yeye kumsahihisha. Mwalimu alilipenda jambo hilo sana. Kila nikilisoma alicheka hadi nikamshikia kikombe.

Shida ilianza tulipofika sura ya mtoto wa mwisho. Binti huyo, akiwa na miaka minne, alipelekwa kijijini kwa dada wa mwandishi, akakaa huko miaka sita. Katika barua zake zilizobaki, mwandishi alizungumzia karatasi, wino na mhariri. Binti hakumtaja. Mwalimu akanitamkia sentensi ya kufunga sura: alimwacha mtoto, na hakugeuka kumtazama.

Vidole vyangu vikasimama.

"Mbona sisikii mashine?"

"Mwalimu, alimpeleka kwa mama yake mdogo. Huko si kuachwa."

"Miaka sita bila neno unaitaje?"

"Mimi wangu alikaa kwa dada yangu kule kwetu Nyahururu miaka mitano."

"Pole. Sikujua. Lakini siandiki habari zako. Niletee ushahidi. Kitabu kinaondoka Ijumaa kwenda kwa mchapishaji, na kikishaondoka sibadilishi hata herufi."

Ilikuwa Jumanne. Nilichapa sentensi yake, kwa sababu kitabu kilikuwa chake. Kisha nikaomba boksi la nakala za barua.

Nilianza na barua za dada mtu, ambazo tulikuwa tumezisoma nusunusu. Watu wa wakati ule, ili kuokoa karatasi, walijaza ukurasa, wakaugeuza upande, wakaandika tena juu ya mistari ya kwanza, hata ukurasa ukafanana na wavu. Ile mistari ya kukatiza tulikuwa tukiiruka, maana ilimchosha Mwalimu kunisikia nikikwama. Kurasa tatu zilikuwa na mchoro hafifu wa penseli chini ya maandishi, mstari wa mviringo mrefu uliobonyea katikati. Pembeni Mwalimu alikuwa ameandika miaka iliyopita: bwawa la kijijini. Dada mtu alitaja bwawa mara nyingi. Liliganda, lilijaa, bata walilirudia.

Nilizipanga zile kurasa tatu mezani kwa mfuatano wa miaka. Bwawa lilikuwa likikua.

Mimi nimepokea michoro kama hiyo. Kila mtu niliyemjua Bladensburg, mtaani nilikoishi, aliyekuwa na mtoto nyumbani Kenya alipokea. Ukitaka kununua viatu, unaagiza mtoto akanyage karatasi, azungushiwe penseli, na karatasi apewe mtu anayesafiri. Mwaka wangu wa kwanza nilikosa subira. Nikatumiwa picha kwa simu, nikaiprinti bila kujua imetoka ndogo, nikaenda nayo dukani, nikanunua viatu ambavyo dada yangu alisema vingemfaa paka.

"Mwalimu, haya si mabwawa."

"Ni nini?"

"Ni mguu. Uliovaa soksi, ndiyo maana hauna vidole."

Akaomba kioo chake cha kukuzia. Aliinama juu ya karatasi muda mrefu, pua ikikaribia kugusa meza. "Naona bwawa," akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu. "Soma ile mistari ya kukatiza. Yote."

Ilituchukua Jumatano nzima na asubuhi ya Alhamisi. Neno moja, kisha kikohozi, kisha lingine. Katika ukurasa wa pili tulilipata: amekanyaga kama ulivyoagiza, alicheka penseli ilipomtekenya, mwambie fundi aache nafasi ya soksi nene.

Mwalimu akaweka kiganja juu ya karatasi. "Kama ulivyoagiza," akarudia. Kisha, kwa ukali wa darasani: "Sitaandika kwamba alikuwa mama mwema. Mimi sijui, na wewe hujui."

"Sijasema hivyo."

"Ulitaka kusema. Futa sentensi yangu. Andika: mara tatu aliagiza kipimo cha mguu wa binti yake."

"Mwalimu, miaka ilikuwa sita. Mguu wa mtoto haungoji. Lazima aliagiza kila mwaka."

"Tuna karatasi ngapi?"

"Tatu."

"Basi, dada yangu, andika tatu."

Nikaandika tatu.