Mise à jour ilifuta majina kwenye komenti zetu, nikagombania isiyo yangu

Wakuu, salamu kutoka Kalemie. Haya yamenipata mwenyewe, na sina haja ya kuongeza chumvi. Aibu iliyomo inatosha.

Mimi ni binti, kazi yangu ni kupitia miswada. Tuna atelier, karakana ndogo inayotoa vitabu vya hadithi kwa watoto wa shule. Sina diploma. Nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma vitabu vya watu na kuvisahihisha kwa penseli bila kuombwa.

Mwenzangu anaitwa Fiston. Yeye amesoma chuo, Lubumbashi. Anafanya kazi akipiga mluzi.

Mimi ukurasa mmoja naurudia mara kumi. Yeye anapita mara moja, anacheka, anakwenda kula, na kazi yake ni nzuri. Hilo ndilo linaloniumiza. Angekuwa mbovu ningempenda.

Sasa sikilizeni tunavyofanya kazi, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Tuna kompyuta moja. Akaunti ya programu tunayosahihishia ilifunguliwa kwa jina la Fiston, kwa kuwa siku ile ni yeye tu aliyekuwa na email. Kwa hiyo anayekaa kwenye kiti anaingia kwanza kwenye settings, anafuta jina la mwenzake, anaandika lake, halafu anaanza kuweka komenti. Zangu zinatokea na jina langu, zake na lake. Tumeishi hivyo bila shida.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Mama Furaha, mwalimu mstaafu. Mtoto anapanda treni kutoka Kabalo kuja huku kwa bibi yake.

Nyuma ya kila kitabu chetu kuna mstari mmoja wa mhakiki, na unabeba jina moja tu. Papa Kitenge, mkuu wetu, alisema safari hii Mama Furaha mwenyewe atachagua nani kamsaidia zaidi.

Nyinyi wenye vyeti labda hamtanielewa. Nililitaka lile jina kama mgonjwa anavyotaka maji. Mtu akiniuliza nimesomea wapi, nimfungulie kitabu nimwonyeshe.

Siku ya kikao Mama Furaha alikuja na karatasi zake, komenti zimechapwa pembeni. Akatusomea pale mtoto anaposhuka kwenye treni akilia. Bibi anamshika mkono, anaunusa, anamwambia, "Weye unanuka treni kuliko treni yenyewe." Mtoto anaangua kicheko.

Tulicheka wote.

"Huu ukurasa ulikuwa umekufa," Mama Furaha akasema. "Mutoto analia, mara anacheka, bila sababu. Fiston njo aliufufua. Aksanti sana, mwanangu."

Wakuu, nilihisi moto masikioni. Ile komenti ilikuwa yangu! Niliikumbuka neno kwa neno.

Nikamkodolea macho Fiston, nikingoja aseme ukweli. Akatabasamu tu.

"Aksanti, Mama."

Kuanzia hapo nilichukia kila kitu chake. Mluzi. Shati lake lililopigwa pasi. Hata namna anavyomenya karanga.

Watu walipotoka nikafungua faili. Kila komenti ilikuwa na jina la Fiston, hata zile zangu ndefu za koma. Nikaangalia settings: jina langu limo. Nikaandika komenti mpya, neno moja tu, "jaribio". Ikatokea: Fiston.

Ndipo nikakumbuka kwamba alikuwa ameipeleka mashine mjini penye mtandao, ikafanya mise à jour, nyinyi mnaita update. Tangu hapo programu haikujali tena jina tunaloandika. Ilifuata mwenye akaunti, na za nyuma zote ikamkabidhi yeye.

Kumbe Fiston hakuiba. Nilipaswa kufurahi, lakini sikufurahi. Mwizi ningemchukia kwa amani.

Nikampelekea Papa Kitenge habari. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mashine imewaozesha bila mahari! Mukae pamoja, kila mutu achukue zake. Halafu tutamwambia Mama Furaha."

Tukakaa, tukaanza kugawana komenti kama watu wanaogawana samaki.

"Hii yako," Fiston akasema. "Hii pia yako. Miye siwezi kukasirikia koma namna hii."

"Na hii inayosema 'sawa tu'?"

"Hiyo yangu. Haionekani?"

Tukafika kwa bibi anayenusa mkono. Tukasema pamoja: "Yangu."

"Fiston, usinifanyie hivyo."

"Dada Riziki, bibi yangu kule Manono alikuwa ananinusa mukono kila nikitoka safari. Weye uliitoa wapi?"

"Unadanganya."

"Basi soma. Soma polepole, weye unayesoma kila kitu mara kumi."

Nikasoma. Kwa kuwa jina lilikuwa moja, niliona komenti moja. Kumbe zilikuwa mbili.

Ya juu: "Alikuwa analia. Nini kimemfanya acheke? Siamini."

Ya chini, ni jibu: "Bibi amnuse mkono, amwambie ananuka treni."

Ya juu ni yangu. Nasema "siamini" kwenye kila muswada.

Ya chini siwezi kuiandika. Bibi zangu wote walifariki kabla sijazaliwa, hakuna aliyewahi kuninusa mkono. Lakini jibu lile nilikuwa nimelisoma mara nyingi mno, kila mara nikitamani ningekuwa nimeliandika mimi. Majina yalipofutika, mimi nilikuwa nimeshalichukua.

Nikaliweka jibu lile upande wake. Fiston naye, Mungu ambariki, hakunicheka.

Tulipomweleza Mama Furaha akanigeukia. "Swali lako lilikuwa zuri, mutoto wangu. Lakini miye nililia juu ya jibu."

Kitabu kimeshatoka. Mhakiki: Fiston.

Nilichojifunza: tukitumia akaunti ya mtu mmoja, programu haina deni la kutukumbuka. Siku hizi kila komenti naianza kwa kuandika "Riziki:" ndani ya maneno yenyewe. Fiston ameniiga. Papa Kitenge anasema faili zetu zimekuwa kama ukuta wa choo cha shule.

Pia nimejifunza kwamba wivu hausubiri mise à jour. Wangu ulifuta majina kabla ya mashine.

Haya wakuu, wanaotumia kompyuta moja watu wawili, mnajilindaje? Na kuna mwenzangu humu aliyewahi kuapa kitu ni chake, akakuta sicho?

Semeni tu, hata kunisema vibaya. Mimi swali langu ninalo, na najua ni zuri. Bado nalitaka lile jibu.