Pima ya Sabiti

Mume wangu hajui kukaa. Nimeishi naye miaka thelathini na mmoja hapa Utende, na bado sijamwona akimalizia chai pale pale alipoianzia. Anainuka na kikombe, anakwenda kugusa ukuta, anarudi, anakwenda kugusa mwingine. Tukialikwa kwa watu mimi hutangulia kuomba radhi, maana najua kabla wali haujapakuliwa Sabiti atakuwa keshapita vyumbani mwa wenyewe, anakwaruza plasta kwa ukucha na kunong'ona hesabu.

Ni fundi rangi. Lakini kilichomjengea jina si kupaka, maana wapakaji wako tele. Ni kukadiria. Rangi ya kuchanganywa hutoka Dar es Salaam, na ikishavuka bahari imevuka. Ikipungua, ndoo utakayoagiza baadaye haiji na rangi ile ile hata ukilia, na ukuta wako utabaki na kiraka. Ikizidi, dukani hawaipokei tena. Kwa hiyo mwenye nyumba anamtaka mtu wa kumwambia ndoo ngapi, asipunguze wala asizidishe, na mtu huyo alikuwa Sabiti. Akimaliza nyumba, kinachobaki hakijazi kopo la maziwa.

Hapimi kwa futi. Babake alikuwa akiuza kamba za kuvulia na kuzipima kwa pima: mikono miwili ikitandazwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ndiyo pima moja. Sabiti akaichukua pima ya wavuvi akaipeleka ukutani. Anabandika kifua, anatandaza mikono, anaweka alama, anasogea, anatandaza tena. Akishapata pima za kwenda na pima za kupanda, anafumba macho kidogo na kutaja ndoo. Mimi humwambia amekumbatia kuta za watu kuliko alivyonikumbatia mimi, naye hunijibu kwamba kuta hazina maneno.

Mwezi tuliooana alichovya viganja vyake kwenye rangi ya buluu akavipiga kwenye ukuta wa jiko letu, upande wa nje, mikono kaitandaza yote.

"Hii ndiyo futi yangu," akasema. "Mtu akibisha, mlete hapa."

Viganja vile viko mpaka leo. Jiko nimelikandika upya mara mbili, na mara zote mbili nimevizunguka.

Mwaka jana alianguka ngazini kule Kanga, akaangukia kiwiko cha kushoto. Hospitali hakutaka. Alikandwa kwa mafuta, akafungwa kitambaa, na baada ya siku arobaini akatangaza kwamba amepona. Mimi ninayemfulia mashati niliona ameanza kuvaa mkono wa kushoto kwanza, polepole, ndipo wa kulia ufuate. Niliona pia kwamba akitembea ule mkono unabaki umekunjika kama amebeba kikapu.

"Baba Husna," nikamwambia, "mkono huo haujanyooka."

"Umenyooka."

"Haya, unyooshe nione."

Akainuka akaenda kuangalia kuku. Kuku wenyewe tulikuwa tumeshawauza tangu Idi.

Nikanyamaza, na nasema wazi kwamba nilinyamaza kwa woga. Fundi asiyeweza kunyoosha mkono hapandi ngazi, na Sabiti asiyepanda ngazi sikujua ningekaa naye vipi katika nyumba ya vyumba viwili. Miezi ikapita akipaka milango na madirisha, kazi ndogo ndogo zisizotaka kupimwa. Nikaanza kujidanganya pamoja naye.

Ndipo akaja Mwalimu Damian. Ni mtu wa bara, anafundisha hapa miaka sita sasa, kijana mpole mwenye kuuliza maswali mengi. Alikuwa amemaliza nyumba yake karibu na barabara na anataka ipakwe rangi ya papai bivu, ndani na nje. Na Mbaraka, msimamizi wa hoteli moja kule Ghuba ya Chole, alikuwa amemwambia Sabiti, "Maliza ya mwalimu niione. Nina vibanda kumi na viwili vya wageni vinakungoja wewe." Kuanzia siku hiyo mume wangu hakukaa kabisa. Hata kula alikula akitembea.

Siku ya kupima nilikuwepo, nimempelekea penseli yake aliyoisahau. Mwalimu alitoa futikamba mfukoni.

"Mzee, tushikiane hii, itakuwa rahisi."

Sabiti akaikunja vizuri akamrudishia. "Hiyo kafundishie watoto shule, mwalimu."

Akaukumbatia ukuta. Mimi nikakitazama kiwiko. Hakikulala ukutani, kiliinuka, na mkono ukaishia njiani, naye akaweka alama pale ulipoishia, akasogea. Ukuta mzima hivyo, na nyumba nzima hivyo. Ulimi nikaubana. Nilijiambia mke hamsahihishi mumewe mbele ya watu. Uongo mtupu, mimi humsahihisha Sabiti mbele ya watu kila siku. Akafumba macho.

"Ndoo nane," akasema.

Zilitumika sita. Alipaka akarudia, nje na ndani, ikapendeza kweli, na ndoo mbili zikabaki ukumbini hazijafunguliwa hata mfuniko.

Kila mtu kisiwani anaijua janja ya mafundi rangi. Fundi anaagiza zaidi, kinachobaki anajitolea kukiondoa ati kisimsumbue mwenye nyumba, na kesho kinapakwa kwingine. Sabiti mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwacheka mafundi wa namna hiyo kwa sauti kubwa pale barazani. Mwalimu alizitazama zile ndoo akauliza kwa upole, "Mzee Sabiti, hizi mbili zilikuwa za nani?"

 Sabiti alitoka akaacha hata rola yake. Hiyo ilikuwa Alhamisi, na kabla haijaisha Mbaraka akatuma neno kwamba vibanda visubiri kwanza.

Siku mbili zile, jamani! Alifungua bawaba za mlango akazifunga tena. Alihamisha kuni kutoka upande huu kwenda ule, kisha akazirudisha. Alitoka kwenda msikitini adhana bado, akarudi, akatoka tena. Mara alidai plasta ya mwalimu ilikuwa ngumu mno haikunywa rangi, mara kiwandani siku hizi wanajaza ndoo kupita kiasi, mara mwalimu kachanganya na maji. Nami nikawa kama yeye. Niliunguza wali, nikaupika mwingine, nao nikautia chumvi mara mbili. Mwizi aliyekuwa ndani ya nyumba ile ni mimi, niliyeujua ukweli nikaukalia.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Damian akaja na ile rola.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Sabiti hakusimama, alikuwa akizunguka uwanja. "Umekuja kunikagua? Ingia, tazama uvunguni."

"Ndoo zote ziko kwangu, mzee. Sijasema umeiba."

"Umeuliza za nani! Mie napaka nyumba za kisiwa hiki tangu weye hujajua kuandika jina lako!"

"Niliuliza kwa sababu sikuelewa," mwalimu akasema. "Na mpaka sasa sielewi. Watu wote wananiambia hujakosea hata siku moja."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniumiza. Kama Sabiti hakosei, basi ni mwizi. Hakuna la tatu, isipokuwa lile nililokuwa nalo mimi.

"Baba Husna," nikasema, "si ulisema mtu akibisha aletwe jikoni? Mwalimu kabisha. Kampimie."

Akasimama. Akanitazama, na katika macho yake nikaona kwamba alikuwa anajua, tena siku nyingi, na kwamba sasa amejua kuwa mimi pia najua. Angeweza kunifokea. Angeweza kwenda zake pwani. Alipangusa viganja kwenye msuli aliojifunga kiunoni, akatangulia kuelekea jikoni, na sisi tukafuata.

Akabandika kifua ukutani. Kiganja cha kulia kikaingia kwenye buluu yake, vidole juu ya vidole. Cha kushoto kikatambaa, kikatambaa, kikasimama. Akasukuma kwa bega. Akasaga meno. Jasho likamtoka shingoni, na kiganja hakikusogea hata unene wa ukucha. Kati ya ncha ya kidole chake na ncha ya kidole cha yule kijana aliyenioa palikuwa na ukuta mtupu.

Sikuweza kuutazama ule ukuta. Nikanyoosha mkono wangu nikaubandika pale katikati, kidole gumba kikagusa kidole chake, kidole cha mwisho kikagusa buluu. Shubiri moja kamili.

"Kila pima imepungua shubiri, ndiyo maana pima zikazidi," mwalimu akasema taratibu, nikamwona anahesabu kichwani. "Kwenda na kupanda." Kisha akautazama ule mkono uliokunjika, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mzee. Mbaraka nitamweleza mimi mwenyewe."

"Utamweleza nini?" Sabiti aliuliza bila kugeuka, paji la uso limegusa ukuta.

Mwalimu akaigeuza rola mkononi. Sote watatu tulijua. Akisema ukweli, vibanda vimekwenda, na ngazi pia. Asiposema, jina ndilo limekwenda.

"Mwambie Sabiti hajaiba," mume wangu akasema. "Mwambie mkono wangu mfupi. Ngazi sipandi tena. Atafute fundi mwingine."

Mwalimu akaweka rola chini karibu na mlango, akaondoka bila kuaga. Sauti ya viatu vyake ikaishia barabarani. Sabiti alikuwa bado ametandaza mikono, hajatikisika, na mimi sijazoea kumwona hivyo. Nikaanza kuutoa mkono wangu.

"Uache kwanza," akasema.