Tochi ya kuonea sura

Hii hapana kuambiwa na mutu. Niliiona miye mwenyewe, na macho yangu haya, Butembo yote inayajua: inaonaka hata mawazo ya mutu. Mu magazini moja, duka ya tochi, miye nikiwa pale, mama wa kutoka Beni aliomba tochi ya kuwaka kupita zote.

Muuzaji akamutolea kamoja kadogo sawa kidole. Akaiwasha muchana kweupe: jua likasikia haya, na kule mupakani Kasindi badouanier ba forodha bakainua mikono sawa bamekamatwa.

"Mama, utamulika nini nayo?"

"Sura. Bale balibeba bwana yangu balikuja mu giza. Bakirudia, nataka nibajue."

Muuzaji akaizima polepole. "Mama, ukibamulika ku uso, habatakuacha na uzima. Kamata tu buji, mushumaa ya kuwaka kidogo."

Mama akairudisha, akaenda na buji yake. Donc, bandugu, vita imetufikisha pale: mutu iko na feza ya mwangaza, mais anashauriwa asione.

Bon, niseme kweli. Ile habari ya buji niliitunga miye, juu ya kupata usingizi. Mama alilipia tochi. Aliijaribu ku uso wa muuzaji, kisha ku uso yangu, akaniangalia murefu sawa mutu anayenijua, akaizima, akaenda.