Funguo za Bi Tima

Bi Suad Hamad ana miaka sabini, magoti mabovu na ulimi mzima. Tunakaa jengo moja Kilburn, Landani, mlango kwa mlango, na kabla hajastaafu tulifanya kazi pamoja ya kutunza wazee. Mimi mtu wa Morogoro, yeye wa Unguja, kwa hiyo hatuishi kugombana juu ya namna ya kupika wali. Ukimwuliza jambo lolote la zamani, ataanza hivi: "Wakati ule nipo kwenye televisheni." Nami nilikuwa namwitikia tu, kama unavyomwitikia mtu anayekusimulia ndoto.

Kisa chenyewe ni hiki. Televisheni ya Unguja ilipokuwa bado changa, miaka ya sabini, watu wakikusanyika mitaani mbele ya seti moja, palikuwa na mchezo wa kuchekesha ulioitwa Funguo za Bi Tima. Suad, msichana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyekuwa Bi Tima, mke mchoyo aliyefunga funguo za kabati kwenye pindo la kanga yake. Mama mkwe akiomba sukari ya chai, Bi Tima humjibu kwa upole, "Sukari imelala, mama. Usiiamshe."

Mchezo ulikwenda hewani moja kwa moja, haikubaki kanda. Wala haukufika mbali. Suad alikuwa na mchumba, na mama wa mchumba alipouona mchezo akavunja posa. Alisema mwanawe haoi mwanamke atakayemnyima yeye sukari uzeeni. Akaelezwa kwamba ni maigizo. Akajibu kuwa choyo kile hakifundishwi, mtu huzaliwa nacho. Baba yake Suad akamtoa studio, na bila Bi Tima mchezo ukafa. Baadaye Suad aliolewa na mwalimu wa Pemba ambaye hakuwahi kuutazama, wakahamia Landani, na ushahidi ukaishia hapo.

Yote hayo yangebaki porojo za ngazini lau si Miska, mjukuu wake. Mtoto alipata nafasi ya kusomea uigizaji, na jibu lilitakiwa wiki ileile. Baba yake, Mansour, ambaye ni mhasibu, akakataa.

"Ukoo wetu hauna wachekeshaji," alisema, tukiwa sebuleni kwa mama yake.

"Na mie je?" akauliza Bi Suad.

"Mama, na wewe bwana." Akacheka, akampapasa bega kama anamnyamazisha mtoto.

Nilimchukia Mansour siku ile, nasema kweli. Bi Suad aliinuka. Alikwenda jikoni akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Idi ikaangukia wiki hiyohiyo. Tulialikwa chakula cha mchana kwenye ukumbi mmoja Tooting, nami Mkristo wa watu sijawahi kukosa pilau ya Idi. Kwa kawaida vijana ndio huwamiminia wakubwa chai, lakini Bi Suad alilinyakua birika mkononi mwa Miska akazunguka mwenyewe, funguo za nyumba zikining'inia kwenye pindo la mtandio. Hajawahi kuziweka pengine.

Mezani kwetu alikaa mgeni kutoka Birmingham, Bi Haifa, mwenyeji wa Kikwajuni, Unguja. Alizitazama zile funguo, akamtazama Bi Suad usoni, kisha akakifunika kikombe chake kwa kiganja.

"Chai yako mie sinywi," alisema.

Mansour akaweka kijiko chini. "Kwani mamaangu kakufanya nini?"

"Muulize alomfanya mkwewe. Bibi wa watu anaomba sukari kijiko kimoja, huyu anamwambia imelala. Nlikuwa mtoto mie, nlilia mpaka wakanirudisha nyumbani."

Meza nzima ikamgeukia Bi Suad. Midomo ya Bi Suad ilianza kutetemeka, nikajua sasa analia. Kumbe anazuia kicheko.

"Usiiamshe," alisema, kwa sauti laini ya kijana mjanja ambayo sikuwahi kuisikia.

"Ndo yeye," Bi Haifa akasema, na machozi ya kucheka yakamtoka. "Wallahi ndo yeye." Akaondoa kiganja kwenye kikombe.

Mansour alikuwa bado amekodoa macho. "Mama, kumbe kweli?"

"Nimekuongopea lini mie?"

Nilifurahi kama vile aliyeaminiwa ni mimi. Mansour akanyoosha mkono achukue bakuli la sukari. Miska akamwahi. Mtoto huyu anaelewa Kiswahili chote, lakini tangu aanze shule hujibu kwa Kiingereza tu. Alilikumbatia bakuli kifuani, akainamisha kichwa kidogo kama bibi yake.

"Sukari imelala, baba. Usiiamshe."

Ukumbi mzima uligeuka kutazama meza iliyokuwa ikicheka hivyo. Mansour naye alicheka mpaka akavua miwani. Akanywa chai yake bila sukari, akakunja uso, akasema, "Haya, wajibu hao watu. Waambie unakwenda."

Bi Suad akafungua pindo la mtandio wake, akazihamisha funguo kwenye pindo la mtandio wa Miska, akakaza fundo vizuri. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Tulipofika Kilburn ndipo alipopapasa mtandio mbele ya mlango wake, akanitazama. Funguo zilikuwa zimekwenda na Miska.

Nikamwambia twende kwangu tungoje ziletwe. Akasema magoti yamechoka, hapo ngazini panatosha. Basi tukakaa, nikamwomba anisimulie tangu mwanzo, wakati ule yupo kwenye televisheni.