Kipimo Ambacho Sikuuliza Bei Yake

Mwanangu alikuwa na siku mbili tu nesi aliposimama mlangoni pa wodi, kifaa kidogo mkononi. "Papa ya mutoto, iko kipimo ya masikio. Tufanye?"

Ningeuliza bei. Kuuliza si ujinga, nawaambia watu kila siku ofisini kwangu hapa Gisenyi. Lakini siku ile nilivaa tai, na sikutaka wodi nzima ijue mfuko wangu umetoboka. Nikajificha nyuma ya mila. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya nane, na kabla ya hapo halitajwi hata kwa kunong'ona. Nikajiambia kwamba asiye na jina hayumo kwenye bima.

"Bado hana jina," nikasema. "Tutarudi."

"Bon, musikawie," akajibu, akaenda kitanda cha pili.

Hatukurudi. Siku ya nane watoto wa jirani pale mtaani kwetu Nengo walikuja kula na kupendekeza majina, mama yangu akapiga vigelegele, na mtoto akalala fofofo katikati ya kelele zote. Tukamsifu kwa utulivu wake. Usingizi ule unanitesa mpaka leo.

Ilipita miaka miwili bila yeye kutamka neno hata moja, ndipo tukampeleka kwa daktari. Hasikii. Daktari hakutulaumu, alisema tu kwamba mengi yangewezekana kama tungejua mapema. Mke wangu akatoka nje na mtoto. Mimi nikaenda kwenye dirisha la malipo, nikauliza hatimaye: kile kipimo cha watoto wachanga ni pesa ngapi?

Karani hakuinua hata kichwa. "Mutoto muchanga anapimiwa ku kadi ya bima ya mama yake. Hamulipe kitu. Na jina haiombwe. Hawakuwaambia?"

Hawakuniambia, kweli. Wala sikuuliza.

Siku hizi nikibaki peke yangu na mtoto, hupiga makofi nyuma ya kichwa chake. Najua hatageuka, na bado napiga. Naiogopa nyumba yangu mwenyewe.

Mke wangu ana njia yake ya kujituliza. Jana alikuwa akimwogesha, akanitazama, akasema: "Hata tungekubali siku ile, mashini kama ile tungeilipa na nini, sisi?"

Nilikuwa nimesimama karibu naye, nimeshika taulo.

"Kweli, mama," nikamjibu.