Sindano za Yamna

Mimi na Yamna tulisimama meza moja miaka kumi na miwili, tukikata vichwa vya sadini katika kiwanda cha samaki wa kopo hapa Agadir. Pale kazini ni mimi tu niliyejua kwamba marehemu mumewe alimwachia virusi vya UKIMWI.

Mwaka ule alikonda, kikohozi kikamganda, hata kazini akashindwa kuja. Vidonge alimeza bila kukosa, ila virusi vilikuwa vimeshavizoea. Nikamsindikiza kwa Daktari Sefrioui.

"Ipo dawa nyingine," daktari akasema. "Zile za mwanzo hupambana na virusi vikishaingia kwenye chembe za damu. Hii inavizuia mlangoni. Utaitumia pamoja na vidonge vipya. Lakini ni sindano ya tumboni, asubuhi na jioni."

"Kila siku? Daktari, mimi nikiiona sindano tu naanguka!"

"Basi tafuta wa kukuchoma."

Alikuwa na dada yake tu, Itto, waliyekaa naye nyumba moja. Tangu aujue ugonjwa ule, Itto alikuwa hamgusi hata mkono. Yamna alimweleza huku macho yakiwa sakafuni. Itto akauliza, "Inachanganywaje hiyo dawa?"

Ni unga, hutiwa maji maalumu, wala hautikiswi. Unasubiri uyeyuke wenyewe. Siku ya kwanza nilikuwepo. Itto alivaa miwani, akawa anaisogeza sindano huku na kule tumboni.

"We dada, unanichoma au unanichora?"

"Nyamaza! Ukicheka tumbo linacheza."

Akachoma. Kisha akamkumbatia, akaangua kilio. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa naogopa tu."

Tumbo la Yamna lilijaa vinundu vigumu, vinauma na kuwasha. Alilalamika sana, akamtukana Itto sana, lakini hawakuruka hata sindano moja. Baada ya miezi sita daktari akatusomea majibu sisi watatu, akatabasamu.

"Virusi havionekani."

"Vimekufa?" Itto akaruka.

"Vimo, ila vichache mno, kipimo hakivioni. Dawa asiache."

Yamna alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, halafu akatuambia ana njaa.

Jumatatu alirudi kiwandani, akakuta mtu mwingine mahali pake.

"Sogea kidogo, shoga," akamwambia, akichukua kisu. "Nimerudi."